Kidonge cha Shangazi

Tak. Tak.

Ilikuwa alfajiri, bado giza. Tabisa aliijua sauti hiyo. Baba yake, Mzee Masereka, alikuwa akibonyeza vidonge vitoke kwenye pakiti.

Tabisa akawasha tochi ya simu. Mzee alimeza kidonge kidogo. Kikubwa alikitia mfukoni mwa shati.

"Baba, hicho cha nani?"

"Cha shangazi yako Jeanine. Leo ni siku ya soko, atavuka kutoka Kongo. Naye moyo unamsumbua."

"Na wewe?"

"Mimi nimepona! Kampala waliniwekea chuma kwenye mshipa wa moyo. Nitakulaje dawa peke yangu na dada yangu anaumwa? Hatukulelewa hivyo."

Tabisa aliogopa. Ni miezi miwili tu tangu baba aanguke kati ya mibuni yake shambani. Akamwita jirani yao Naome, muuguzi.

Naome aliketi mkekani. "Mzee, mwiba ukikuingia mguuni?"

"Mguu unavimba."

"Ndiyo. Mwili haupendi kitu kigeni. Kile kibomba cha wavu wa chuma kinaacha mshipa wa moyo wazi. Lakini mshipa unaweza kuvimba, nyama ikaota, njia ikaziba tena. Ndiyo maana kimepakwa dawa. Inatoka polepole, inatuliza uvimbe."

"Basi dawa iko ndani tayari!" Masereka alicheka.

"Ngoja. Dawa hiyo pia inachelewesha ngozi laini ya mshipa kukifunika chuma. Chuma kikiwa bado wazi, damu inaweza kuganda juu yake ghafla. Kidonge cha mfukoni ndicho kinachozuia hilo. Ukikiacha kabla daktari hajasema, moyo unaweza kusimama."

Mzee alishika mfuko wa shati. "Na Jeanine?"

"Ugonjwa wake hatuujui. Kidonge hiki kinaweza kumfanya avuje damu bure. Apimwe. Wewe gawa naye obundu, ugali wa muhogo. Au hata mswaki mnagawana?"

Tabisa alicheka huku machozi yakimlenga. Mzee akatoa kidonge, akakimeza.

Mchana Jeanine alifika. "Kaka, moyo yangu iko inapiga mubaya. Dawa iko wapi?"

"Yako iko hospitali. Twende."

Walimpima. Ilikuwa presha, na alipewa dawa yake mwenyewe. Jioni kaka na dada walikula obundu sahani moja.

Tangu hapo, kila asubuhi Immy, binti mdogo wa Tabisa, humletea babu maji. Humwangalia mdomoni, chini ya ulimi. Kisha hupapasa mfuko wa shati. Halafu humgeukia mama yake.

"Babu amemeza vyote viwili."