Mhudumu wa Usiku Aliyeandikishwa

YAH: MAOMBI YA MHUDUMU WA USIKU KWA MTU ANAYELISHWA KWA MSHIPA NYUMBANI. NYONGEZA B: USINGIZI.

Barua hiyo ilifika Jumanne asubuhi, Bodil akimwagilia maua ya jikoni. Ilikuwa na adabu nyingi, kama barua zote za kukataa. Halmashauri ilisikitika: mume wake, Evald, ameandikishwa tayari kuwa mhudumu wa usiku, na hakuna taarifa kwamba ameacha kazi.

Evald alikuwa kaburini tangu Februari.

“Wamemzika, halafu wamempangia zamu,” alisema Sanne, muuguzi aliyekuja kila wiki kubadilisha bandeji. “Mimi niliye hai sijapata mkataba wa kudumu.”

Bodil alicheka, kicheko kikakatika njiani. Utumbo wake ulikatwa karibu wote, na mkate alioutafuna haukumfaa kitu. Kwa miaka tisa alilishwa usiku kucha na mfuko mweupe kama maziwa, kupitia mrija wa kifuani. Pampu ikilia, Evald ndiye aliyeamka kunyoosha mrija uliojikunja. Asubuhi aliufungua na kuusafisha. Sasa Bodil hakuthubutu hata kugeuka kitandani.

“Mikono hiyo inatetemeka kwa kukosa usingizi, mama,” Sanne alinong’ona. “Ndivyo vijidudu vinavyoingia. Mishipa mingine imeziba yote. Ukiupoteza huu, sina pa kukuchoma tena.”

“Nifanye nini, basi?”

“Ulale.”

“Ungeniambia niruke, ingekuwa rahisi.”

Jioni alinawa, akahakikisha dirisha la chumbani limefungwa. Ndiyo kanuni: mrija hauungwi penye upepo. Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyomponza Evald Februari. Kwao, mtu akikata roho hufunguliwa dirisha ili roho ipate njia. Lakini Evald alianguka akafa kando ya kitanda, glavu mikononi, mrija wa mkewe ukiwa wazi. Bodil alipiga simu, akamaliza kuuunga mrija mwenyewe, dirisha limefungwa. Tangu siku ile hakuligusa. Alijiambia ni kwa sababu ya vijidudu.

Aliizima taa. Akauangalia upande mtupu wa kitanda.

“Zamu yako, mzee,” alisema. “Halmashauri imeamua.”

Ulikuwa mzaha. Machozi yakamtoka hata hivyo. “Evald, nimechoka. Nitakufa kwa kukosa usingizi.”

Usiku wa manane pampu ililia. Bodil alijaribu kuinuka. Mwili ukakataa. Pampu ikalia tena.

Kisha ikanyamaza.

Godoro likabonyea upande wa pili. Taratibu. Mrija uliojikunja shingoni mwake uliinuliwa, ukanyooshwa, ukalazwa juu ya shuka. Alisikia mpira wa glavu ukivutwa. Baridi ilimpanda kifuani. Alitaka kupiga kelele.

Akalala.

Aliamka jua limepanda juu. Mfuko ulikuwa mtupu. Mrija umefunguliwa, umesafishwa, una kifuniko kipya. Juu ya meza glavu mbili zilikuwa zimefungwa fundo moja, kama Evald alivyozifunga miaka yote tisa.

Na katikati ya kitambaa cheupe kisicho na vijidudu palikuwa na udongo. Mweusi. Mbichi bado.

Sanne aliitwa, akaja mbio. Aliutazama udongo ule, kisha akampima Bodil joto.

“Thelathini na saba na nusu. Si homa.” Alikitazama kipimajoto tena. “Si homa bado. Nani alikufungua?”

“Aliyeandikishwa.”

Sanne hakucheka. Alilikimbilia dirisha, akashika komeo ili roho ipate njia.

“Liache!” Bodil alimkamata mkono. “Nimelala, Sanne. Saa nane nzima! Unajua ni lini mara ya mwisho nililala kwa saa nane?”

“Mama, mikono ile inatoka wapi? Mshipa wako ni mmoja!”

“Ananawa. Daima alikuwa ananawa.”

“Nitawaandikia leo hii kwamba amekufa. Watakuletea mtu.”

“Lini?”

Sanne aliigeukia barua. Ilikuwa bado mezani, na mwisho wake palisomeka: mabadiliko ya mhudumu hushughulikiwa ndani ya wiki kumi na sita.

“Hizo wiki sitazimaliza,” alisema Bodil. “Kaa chini unywe kahawa.”

Taarifa haikutumwa. Dirisha halikufunguliwa. Usiku ule Bodil alilala kwa saa tisa nzima, na asubuhi udongo ulikuwa juu ya mto aliolalia.