Hakuna Tatizo Katika Timu Yetu

Jumamosi asubuhi, huko Lweba, Pulchérie alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, pamoja na binti yake Fanny. Mikono ilikuwa kazini, lakini moyo haukutulia. Jumatatu alitakiwa mjini Baraka kwa mahojiano ya kazi ya kiongozi wa timu ya chanjo, timu ambayo tayari alikuwa akiipangia zamu. Mwaka jana aliikosa kazi hiyo hiyo. Akiikosa tena, hakujua kama angethubutu kuomba mara ya tatu.

Jirani yake, Mama Marthe, alivuta kiti. Alikuwa muuguzi mstaafu, aliyeongoza timu miaka mingi.

"Mama Fanny, tujaribu. Mi ndiye bwana wa kule Baraka, mwenye kukuuliza. Niambie tatizo moja ya ekipe yako, timu yenu ya chanjo."

Pulchérie alijinyoosha. "Hakuna tatizo. Sisi wote tunapatana muzuri."

"Na mwaka jana ulijibu vile?"

"Ndiyo, mama. Nitatoa siri yetu mbele ya bageni? Ni haya!"

Mama Marthe alicheka mpaka kiti kikalia. "Banajua kila ekipe iko na mateso. Banataka kuona we unayatengeneza namna gani. Ukisema hakuna, banawaza unaficha, ao hauone kitu."

Pulchérie akakaa chini. Jambo hilo halikuwahi kumpitia kichwani.

"Iko mwenzetu mumoja," alianza polepole. "Alikuwa anachelewa siku ya chanjo. Bamama banangoja, banachoka, banarudi na batoto."

"Ukamukaripia?"

"Hapana. Nilimuita pembeni. Kumbe kila asubuhi anaosha mama yake mugonjwa. Basi nikamupa kazi ya muchana, kutembelea batoto benye balikosa chanjo. Mwingine anafungua kituo asubuhi."

"Na kisha?"

"Sasa hakuna mama anarudi bila chanjo."

"Ona sasa! Jina ya mutu usitaje, hiyo ndiyo siri. Lakini sema tatizo, sema ulifanya nini, sema kulitoka nini."

Walirudia mara tatu, mpaka Pulchérie akajibu bila kukwama.

Jumatatu, swali lile lile likaja. Pulchérie akalijibu kama walivyojaribu uani. Aliyeuliza aliweka kalamu chini, akamsikiliza mpaka mwisho.

Alhamisi simu ililia. Kazi ni yake! Pulchérie alipiga vigelegele, akamkimbilia Mama Marthe na kumkumbatia, mikono ikinuka ndagala. Alijisikia mwepesi, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Wiki iliyofuata aliita mkutano wake wa kwanza.

"Iko tatizo gani hapa kwetu?" aliwauliza wenzake.

"Hakuna, chefu!" wakamjibu kiongozi wao mpya kwa pamoja.

Pulchérie akacheka. "Na mi nilijibu vile mwaka jana. Nikakosa kazi."

Wakatazamana. Kisha, kule nyuma, mkono mmoja ukainuka.