Mkono wa Mama Delfina

Haya yalimpata dada yangu Ornella, tumbo moja, na mimi nilikuwepo. Sikusimuliwa na mtu. Wala hayakutokea gizani: yalitokea mchana, wageni wakiwa mezani na uma mikononi.

Ornella aliolewa na Secondo, mwenye mkahawa ulio juu ya kilima nje ya Alba, pale barabara inapoacha mizabibu na kuingia msituni. Si mahali pa makelele. Meza chache, vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi, glasi nyembamba. Watu walitoka Torino na Milano, wengine hata Uswisi, wakapanda kona zote zile kuja kula chakula cha mchana kinachomalizika jua likishuka. Walichokuwa wakikifuata ni mkono wa mtu mmoja tu: Mama Delfina, mama yake Secondo. Tambi zake ndogo zilizojazwa nyama, zile tunazoziita plin kwa sababu hufinywa kwa vidole viwili, ziliwafanya watu wazima wanyamaze kama watoto waliopewa ziwa la mama.

Vuli ile Mama Delfina alianguka jikoni, zabibu zikivunwa. Wakampandisha chumba kilicho juu ya jiko na hakushuka tena. Ornella akabaki na kila kitu: jiko, wageni, mgonjwa. Aliponipigia simu hakulia. Alisema tu, "Renza, njoo mdogo wangu. Nimechoka mpaka nywele."

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya jikoni, kavua viatu, miguu imevimba kama unga uliotiwa hamira. Ulikuwa msimu wa uyoga mweupe wa ardhini, mkahawa ulikuwa unajaa kila siku. Nikafunga aproni, nikaanza kubeba sahani.

Lakini kilichokuwa kinammaliza dada si kazi. Ni kwamba Mama Delfina alikataa kufa.

Daktari alipanda, akashuka, akainua mabega. "Moyo umekwisha. Figo zimekwisha. Hali, hanywi. Sijui anangoja nini." Padri alikuja kumpaka mafuta, akaondoka bila hata kunywa kahawa. Na kila ulipoingia na beseni la kumwosha, yule bibi alitoa mkono wa kuume chini ya blanketi, ngumi imefumbwa, akaunyoosha kwako.

"Shika," alikuwa akisema.

Katika chumba kile hakikupikwa kitu. Hata hivyo kilinuka siagi inayoyeyuka.

Kulikuwa na jirani mmoja mzee, Tilde, aliyekuja asubuhi kuosha mboga na kunyonyoa kuku. Siku moja alinivuta kona ya jiko, manyoya bado yamemganda vidoleni.

"Umepokea kitu kwake?"

"Kitu gani?"

"Chochote. Hata rozari, hata leso. Usipokee." Akatazama dari. "Yule ni masca."

Masca ndivyo wazee wetu wanavyomwita mchawi. Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Masca hafi mpaka amkabidhi mtu kile alichonacho. Mama yake alimkabidhi yeye, kitandani palepale. Nilikuwa msichana, niliona kwa macho yangu. Mwacheni achoke."

"Tunaochoka ni sisi, Mama Tilde."

Ornella alikuwa anapita na sufuria. Akasema bila kusimama, "Mimi kama kinaleta usingizi, nitakipokea hata kikiwa nyoka."

Na jambo jingine likaingia. Chakula kilikufa. Ornella alikuwa amepika ubavuni mwa mama mkwe tangu aolewe. Nyama ilikuwa ileile, mayai yaleyale, meza ileile ya mbao. Sahani zikawa zinarudi nusu. Wageni wa namna ile hawagombi. Wanakunja kitambaa, wanatabasamu, wanaomba makoti yao.

"Umeongeza nini humu?" Secondo alimuuliza mkewe, kijiko mdomoni.

"Sijaongeza kitu."

"Basi umepunguza."

Kabla Ornella hajajibu, sauti ikashuka kutoka juu, kavu, karibu sana. "Chumvi."

Nilionja supu. Haikuwa na chumvi hata chembe. Ornella aliapa kwamba alitia, na mimi nilimwona akitia.

Jumapili iliyofuata ukungu ulipanda kutoka bondeni, ukakaa madirishani kama pamba. Mkahawa ulikuwa umejaa. Sahani za kwanza zikarudi zimepoa. Mzee mmoja, mteja wa tangu zamani, alimshika Secondo bega, akamwambia kwa upole, "Tutarudi mama akipona."

Ornella aliyasikia mlangoni. Akafuta mikono. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. Akapanda ngazi.

Nilimfuata. Nilipofika alikuwa amekaa kando ya kitanda. Ngumi ya Mama Delfina ilikuwa imesimama hewani kati yao, haitetemeki. Mtu asiyekula kwa muda wote ule, na mkono hautetemeki.

"Dada, shuka. Wageni wanangoja."

"Nimechoka, Renza." Hakugeuka. "Na yeye amechoka. Mtazame."

"Ornella, usi..."

"Shika," alisema bibi.

Dada akakinga kiganja.

Ngumi ikafunguka. Niliona vizuri: ndani hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kitu kabisa. Lakini mkono wa dada ulishuka, kama mtu aliyewekewa jiwe. Vidole vyake vikajifumba vyenyewe.

Mama Delfina akashusha pumzi ndefu. Basi. Kifua hakikupanda tena. Harufu ya siagi ikakatika palepale, na nilipogeuka nikaikuta inatoka kwenye nywele za dada yangu.

"Dada... amekufa."

"Najua," alisema Ornella, akiinuka. "Meza ya dirishani bado haijala."

Akashuka. Akapika upya, nami nikapeleka sahani. Ukumbi ukanyamaza. Hakuna kijiko kilichogonga, hakuna aliyeomba mvinyo. Yule mteja mzee alikula akilia, machozi yanaingia sahanini, na anaendelea kula.

Tulizika. Baridi ikaja, theluji ikakaa. Mkahawa ukajaa kuliko ilivyokuwa enzi za bibi. Na Ornella hakuchoka tena.

Mwanzoni nilifurahi. Uvimbe wa miguu uliisha. Malalamiko yaliisha. Kisha nikaanza kuona mengine. Nikiamka asubuhi, nilimkuta jikoni na nguo za jana. Hakuonja alichopika. Sikuwahi kumwona akila kitu. Na hakukaa. Kanisani alisimama. Secondo alipomkata kidole kwa bahati mbaya wakigombania kisu, alijifunga kitambaa akiwa amesimama, mkono mwingine unafinya unga.

"Kaa kidogo, dada," nilimnong'oneza siku moja.

Akaendelea kufinya. Moja, nyingine, nyingine. "Nikikaa, ananisimamisha."

Nilimwendea Secondo. "Shemeji, mkeo hali wala halali."

"Amepata nguvu," alisema. "Mlikuwa mnalalamika kachoka, sasa mnalalamika hachoki. Mnataka nini nyie?" Lakini hakunitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilijua hata yeye halali. Alikuwa akijilaza peke yake upande mmoja wa kitanda, akisikiliza mti wa kusukumia unga ukiviringika chini.

Kilichomvunja kilitokea Jumatatu, siku tunayofunga. Tulishuka pamoja kutafuta kahawa. Ornella alikuwa mezani, mgongo kwetu, anafinya. Hakuna aliyekuwa anakuja kula siku hiyo. Meza ilikuwa imejaa. Viti vilikuwa vimejaa. Madirishani, juu ya majiko, sakafuni juu ya magazeti, kila mahali plin zimepangwa safu safu.

Alikuwa anaimba chinichini.

Secondo alisogea kumtazama usoni. Macho ya dada yalikuwa wazi, lakini yamelala. Unayajua macho ya mtu aliyelala? Hayakufuata kitu. Kinywa kilikuwa kimelegea, mate yamekauka kidevuni. Mwili wote ulikuwa maiti ya usingizi. Mikono tu ndiyo ilikuwa hai.

"Dinin," kinywa kikaimba. "Dinin wangu, umekula?"

Hilo ni jina alilokuwa akiitwa Secondo utotoni. Dada yangu hakulijua. Hata mimi nililijua siku ile tu.

Secondo akanong'ona. "Mama?"

Mikono ikasimama.

Ikasimama kama inasikiliza.

Kisha ikaendelea.

Secondo alitoka nje kwenye theluji bila koti. Nilimkuta ameshika ukuta. "Mpelekeni," alisema. "Kokote. Fungeni mkahawa, uchomeni, sijali. Mpelekeni."

Tilde ndiye aliyejua pa kumpeleka. "Akikabidhi kwa kitu chenye uhai kisichobatizwa," alisema. "Kuku atakufa mapema mno, kitarudi. Mti." Nyuma ya kisima kulikuwa na mjozi mkubwa, jozi zake tulikuwa tukizila Krismasi. Tukamchukua Ornella, mimi kulia, Tilde kushoto, Secondo nyuma anamsukuma kama anasukuma gari lililozama matopeni. Kila hatua, miguu ya dada ilirudi nyuma. Si kwa nguvu za mwanamke aliyekonda. Nilisikia mifupa ya bega langu ikilia.

"Lazima aseme mwenyewe," Tilde alisema akihema. "Sisi hatuwezi kumsemea."

Tulimbandika mkono wa kulia kwenye gome. Ngumi ikagoma kufunguka. Secondo akapiga magoti kwenye theluji mbele ya mkewe.

"Orné. Unanisikia? Ni mimi, mumeo. Nimekutumia kama punda, na nilikuwa najua. Sema, tukalale."

Kisha machozi yakamtoka kwenye macho yale yaliyolala. Midomo ikahangaika kama ya mtoto anayejifunza neno.

"Shi... ka."

Vidole vikafunguka kimoja kimoja. Hapakuwa na upepo, lakini mti wote ulitetemeka kutoka chini hadi juu, theluji ikatuporomokea vichwani.

Ornella akaanguka. Nikadhani amekufa, nikapiga kelele. Tilde akanifumba mdomo.

"Nyamaza. Sikiliza."

Alikuwa anakoroma. Pale pale, shavu kwenye theluji, anakoroma kama mchimba mawe. Tukambeba ndani tukicheka na kulia, na hakuamka mpaka siku kadhaa zikapita.

Masika mjozi haukuchipua. Secondo aliuacha usimame. Hakuna anayetaka kuukata. Siku hizi wanauza jibini, soseji na mvinyo kwa wapita njia, na Jumapili Ornella anapika supu ya kawaida, ambayo wengine wanaisifu na wengine hawaisifu. Jioni anavua viatu, anainua miguu kwenye kiti. "Nimechoka," anasema, na anaposema anatabasamu.

Mwaka jana nilimsindikiza manispaa kubadilisha kitambulisho. Karani, msichana mchangamfu, akamwelekeza kwenye mashine ya alama za vidole. Mkono wa kushoto ukapita bila shida. Wa kulia mashine ikakataa.

"Jaribu tena, mama. Bonyeza vizuri."

Ikakataa. Karani akaomba auone mkono. Ornella akamgeuzia kiganja. Kilikuwa laini kutoka kwenye kifundo hadi ncha za vidole. Hakuna mstari. Hakuna mkunjo hata kwenye viungo. Kama sahani ya kauri.

"Wapishi wengi huungua," karani alisema.

"Sijawahi kuungua," dada akajibu taratibu.

Msichana akacheka kidogo, akachukua kitambaa afute kioo cha mashine. Kulikuwa na alama ya kidole pale, mistari yake imekaa wazi kama imechorwa. Akafuta. Haikutoka. Akapuliza pumzi, akafuta tena kwa nguvu. Kisha akainama, akakisogelea kioo, na kicheko kikamwisha.

Alama ilikuwa upande wa ndani wa kioo, na mashine ilinuka siagi inayoyeyuka.