Kasuku Chini ya Lipu

Mume wangu ni fundi wa kupiga lipu. Anaamka mapema, anakunywa chai, anatia mwiko wake kwenye karai, anaondoka. Jioni anarudi na saruji hadi masikioni. Ukimwuliza habari za kazi, anasema nzuri. Basi, hotuba imeisha hapo.

Mimi ndiye msemaji wa nyumba. Nasema yangu, nasema na yake. Ndiyo maana tangu tuoane ananiita Kasuku. Sikasiriki. Ni jina la humu ndani tu, watu wa nje hawalijui.

Kazi yangu ni kufagia zahanati ya mtaa wetu. Wiki moja mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, paa la chumba cha kusubiri likavuja. Asubuhi ya siku ya nne tukasikia kishindo. Kipande kikubwa cha lipu kilikuwa kimeporomoka ukutani. Bahati nzuri hakikumpata mtu. Nikachukua ufagio, nikaenda huku nanung'unika.

Sikufagia. Pale ukutani palikuwa na ndege mkubwa kama mlango. Alichorwa kwenye lipu ya ndani, unyoya mmoja mmoja, na jicho lake lilinitazama mimi. Wagonjwa walisimama na kadi zao mikononi. Mtoto aliyekuwa akilia kwa kuogopa sindano alinyamaza. Mzee mmoja alivua kofia, sijui kwa nini. Mwili wangu ulisisimka wote.

Chini ya ndege palikuwa na herufi. Sista, muuguzi wetu mkuu, akasogea akasoma: "Kasuku."

Watu walidhani ni jina la ndege. Mimi nilijua ni langu.

Lipu hupigwa mara mbili. Ile ya kwanza fundi huikwaruza mistari ikiwa bado mbichi, ili ya pili ipate kushika. Mistari yoyote inafaa, maana hakuna atakayeiona. Na aliyepiga lipu zahanati ile, miaka kumi iliyopita, ni mume wangu. Sista akampigia simu aje azibe.

Alikuja, akaona, akainamisha macho. Akaanza kukoroga saruji. Nikamsogelea nikamwuliza polepole kama ni yeye. Akasema ni mikwaruzo tu. Nilipombana ndipo akanieleza. Alipokuwa akijifunza kazi, aliwaambia mafundi wenzake kwamba anataka kutengeneza kuta ambazo watu watasimama kuzitazama. Walicheka mpaka wakakaa chini. Wakambandika jina la Profesa, likamfuata miaka miwili. Tangu hapo anachora, kisha anafunika. Nikamwuliza amefunika kuta ngapi. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

Nikatazama nje dirishani. Nyumba ya mwalimu, duka la kona, kibanda cha fundi viatu, kote huko amepiga lipu yeye. Kumbe miaka yote nimepita kando ya ndege na wanyama na maua, na sikujua. Nilistaajabu mpaka ufagio ukanidondoka.

Sista alikuwa amesikia. Akaongea kwa sauti ya chini, kama anavyoongea na mgonjwa.

"Fundi, kosa lako lilikuwa kuanza na umati. Anza na mtu mmoja, yule asiyekucheka. Mwambie kwa ufupi unataka nini. Halafu mwambie unahitaji nini ili uanze. Akishajua mmoja, wa pili si mgumu."

Mume wangu akatikisa kichwa. Akasema saruji imeshakorogwa, itaganda. Akachota mwiko wa kwanza, akauinua. Nikaona anakwenda kulifunika lile jicho, na akilifunika leo hatalifunua tena.

Nikamshika mkono. Niliogopa.

"Mimi sijui kusoma," nikasema. "Zile barua zote nilizokuambia nimesoma, nilisomewa na jirani. Hata jina langu pale sikulijua mpaka sista alipolitamka. Natamani kusoma kuliko kitu chochote, na nimekuficha miaka kumi na mbili."

Hakucheka. Akairudisha saruji kwenye karai, akamgeukia sista.

"Hii ni kazi yangu," alisema. "Naomba ibaki wazi. Nahitaji siku mbili nizibe kingo zake zisibomoke."

Kasuku yule yupo mpaka leo. Watoto wanamsalimia kabla ya sindano. Shule ya jirani ilimwita mume wangu awachoree ukuta wa mbele, na safari hii alichora mchana kweupe, watu wamejaa. Mimi nakwenda darasa la watu wazima mara tatu kwa wiki. Mwalimu anasema naendelea vizuri, ila naongea sana.

Nilimwuliza mume wangu kama na nyumbani kwetu alificha kitu. Akasema nikijua kusoma ataniambia. Juzi akachukua patasi, akabandua lipu iliyo juu ya kitanda chetu. Aliandika pale tulipohamia, tukiwa bado maharusi. Nikafuata herufi kwa kidole, silabi kwa silabi:

Kasuku, nyamaza kidogo, nami nina neno.

Nikakaa kitandani, nikanyamaza. Naye akaanza kusema.