Jina Lililofurika

Kila asubuhi Mukandayisenga alifagia chumba cha kompyuta cha shule yao pale Nengo, kisha akaziwasha mashine. Jumanne hiyo hakuna iliyofungua kitu. Seva, ile kompyuta kuu inayotunza kazi za wanafunzi wote, ilikuwa imeanguka.

Kufikia saa nne, kila mtu alimtazama mwenzake kama aliyekutwa na kuku asiye wake. Mwalimu Védaste alimkazia macho Cyiza, aliyefunga mlango jana.

"Humu huingii tena mpaka useme ulichofanya."

"Mwalimu, mi sijagusa kitu."

"Waliogusa wote husema hivyo."

Mukandayisenga alijua nani kagusa. Jana Cyiza alimtania: "We, jina lako refu kama barabara ya Kanama. Hata kompyuta italichoka." Kwa hasira Mukandayisenga alifungua programu ya kusimamia seva, mahali pasipomhusu. Kwenye kisanduku cha jina akaandika lake, la mama, la bibi na ya shangazi wote. Kwao kila mtu ana jina lake, hakuna jina moja la ukoo la kufupishia orodha. Akayanakili mara ishirini, akabonyeza. Skrini ikaganda. Akaondoka kimya, akimwacha Cyiza afunge.

Fundi Iribagiza, aliyekulia Goma, alifika na begi lake. Akaiwasha seva, ikaamka. "Bon, inatembea. Lakini iko mutu aliigusa." Akaanza kufunga begi.

Cyiza alikuwa bado mlangoni, nje.

"Ni mimi," Mukandayisenga akasema.

"Onyesha," fundi akasema.

Mukandayisenga akaandika yale majina yote. Seva ikaanguka tena. Fundi akaketi polepole.

"Programu ilitenga nafasi ya herufi chache, haikupima zinazoingia. Zilizozidi zimemwagikia sehemu ya jirani ya kumbukumbu ya kompyuta. Wewe umemwaga majina ya shangazi. Mwizi angemwaga amri zake, na seva ingemtii. Ungenyamaza, ningeondoka na kuacha tundu wazi."

Aliufunga ukurasa wenye kile kisanduku cha jina, akawaandikia waliotengeneza programu. Ijumaa marekebisho yakafika.

Mwalimu Védaste alimwomba Cyiza radhi mbele ya darasa, kisha akamgeukia Mukandayisenga. "Ulikosea kuingia usipotumwa, ukakosea zaidi kumwacha mwenzako abebe lawama. Utafagia na zamu yake ya jioni mwezi mzima. Lakini kosa likisemwa, hurekebishwa. Likifichwa, hubaki likimsubiri mwizi."

Cyiza alimkabidhi ufagio. "Wasalimie shangazi," alisema. "Wote."