Nilivisha Sola Kitambaa, Dada Yangu Akakosa Mume

Nina miaka thelathini na sita, nina mume na watoto wanne, na kosa langu ni hili: nilinunua paneli ya sola nikaifunika kitambaa. Ndiyo, cheka tu. Kitambaa cha krosheti chenye maua ya manjano, nilichoshona kwa mikono yangu mwenyewe!

Wasomaji wenzangu, mimi ni mtu wa nyumbani. Hapa Huruma, Eldoret, wananijua kwa vitambaa. Kiti kina chake, redio ina chake, hata mtungi wa maji umevaa. Kitu kizuri kikae uchi kwa vumbi kwa nini?

Paneli yenyewe aliniuzia Barasa, fundi wa redio hapo kwa kona. Alikuwa akimchumbia mdogo wangu Nafula, kwa hivyo nilipata bei ya shemeji. Ilikuwa ndogo kama sinia, ya kubebwa mkononi, na betri yake ya gari. Stima ikipotea, na hapa hupotea kama mume siku ya mshahara, nawasha taa na redio. Nikisafiri, naenda nayo. Barasa alinionya jambo moja tu: "Shemeji, hii inataka jua." Nikamjibu nimefika kidato cha nne, asinifundishe jua.

Kila asubuhi niliianika na kitambaa chake juu. Jioni nikiigusa, moto kabisa! Si basi imeshiba? Betri aliijaza Barasa mwenyewe, kwa hivyo mwanzoni taa iling'aa vizuri. Ilipoanza kufifia, nililaumu mawingu.

Ikafika siku ya posa. Wazee wa kina Barasa walikuja kwa baba, upande wa Turbo, kuzungumza habari ya ng'ombe. Kule hakuna stima. Nilikuwa nimejigamba kwamba wageni watakaa kwenye taa na muziki kama watu wa mjini! Tangu alfajiri paneli ilikuwa juu ya paa la jikoni, kitambaa nimekifunga pembe zote nne, upepo usikichukue...

Saa tisa mawingu yakatanda, nyumba ikawa giza. Nikawasha taa, nikafungua redio. Tulisikia kwamba Mtukufu Rais amehudhuria ibada... kisha kimya. Taa ikawa nyekundu kama kaa, ikafa. Mzee mmoja wa upande wao akauliza kama mwanga wa mjini umeshapanda gari kurudi mjini. Wote wakacheka.

Ningecheka nao, yangeisha. Kwa nini sikucheka? Badala yake nilisimama mbele ya wazee nikasema Barasa ni mwongo, ameniuzia takataka huku akitabasamu. Naye akasema polepole, "Shemeji, hebu niione hiyo paneli." Nikakataa katakata! Nikasema akiigusa ataibadilisha, atuchezee tena.

Baba aliniamini. Mimi ndiye kifungua mimba wake, mimi ndiye niliyesoma. Akauliza mtu anayemdanganya shemeji kabla ya ng'ombe kufika, kesho atamfanyia nini binti yake? Wazee wakachukua kofia zao. Hawakula. Kuku watatu walibaki kwenye sufuria! Kwetu, mgeni wa posa akiondoka na njaa, usimngoje tena. Nafula alisimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa, hana wa kumnawisha.

Jumatatu, nikiwa nimerudi Huruma, nilifua kile kitambaa kwa sababu kilikuwa kimejaa masizi. Kitambaa kwa kamba, paneli ikashinda juani bila nguo. Jioni nikajaribu taa... Ikawaka mpaka nikafumba macho! Kumbe kitambaa ndicho kilichokuwa kikiizuia jua.

Je, nilikimbia Turbo kumwambia baba? Nilienda kwa Barasa? Thubutu! Nilivuta pazia. Nikajiambia nitasema Jumapili. Jumapili zikaja, zikapita, na mimi niko tu nashona. Baada ya miezi mitano Barasa akaoa msichana wa Kitale.

Ndipo Nafula akaja kunitembelea, akakuta taa inawaka. Akauliza ni nani aliyeitengeneza. Nikashindwa kumdanganya, nikamweleza yote. Hakulia. Aliuliza tu, "Ulijua tangu lini?"

Nikasema tangu Jumatatu ile. Alichukua mkoba wake, chai akaiacha ikitoa moshi. Ni mwaka sasa. Barua zangu hajibu hata moja.

Ndugu zangu, nawasihi! Kitu kikikataa kufanya kazi, angalia mkono wako kwanza kabla ya kumtaja mtu mbele ya wazee. Ukigundua umekosa, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomuumiza Nafula kuliko maneno yote niliyopayuka. Kitambaa ni ujinga, ujinga husamehewa. Lakini ile miezi mitano?

Barua hii nilimsomea kwanza jirani yangu Mama Chebet, akiwa anachagua maharagwe mlangoni pake. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza maganda, akaniambia: "Mama Wanjala, umeomba Kenya nzima msamaha, na Barasa yuko hapo anatengeneza redio. Weka hiyo kalamu chini, vaa viatu."