Nani Anaizima Kompyuta?

Nilikuwa nimeshafungua ubavu wa kompyuta, napangusa vumbi kwenye feni kwa brashi ya rangi. Mama Chapa ameketi kando yangu, anashona kifungo cha shati la mumewe. Dirisha lilikuwa wazi, na upepo ulichezea karatasi za wateja. Uani mumewe alipima vyuma vya geti huku akipiga mluzi. Ungepita ukachungulia, ungesema: hawa wamejaliwa.

Tulimwita Mama Chapa kwa sababu alichapa barua na mitihani ya shule pale pale sebuleni. Mumewe alikuwa mchomeleaji wa mageti, na mtaa mzima ulimjua kwa jina la Chuma. Dada yake mkubwa, ambaye kwa Mama Chapa ni wifi, alikuwa kwenye kizingiti cha jikoni akimenya vitunguu. Kompyuta yao ilikuwa na ugonjwa mmoja: ilizima ghafla kazi ikiwa katikati, na barua yote ikapotea.

"Vumbi lipo, lakini silo," nilimwambia. "Kibandani kwangu imefanya kazi kutwa nzima bila kupepesa. Nikaibadilishia kile kisanduku cha umeme cha ndani. Imerudi hapa, imezima. Shemeji, mgonjwa akipona hospitali na kuugua kila akirudi nyumbani, tuichunguze nyumba."

Alicheka, akaziba mdomo kwa kiganja. Jino la mbele halikuwepo. Watu aliwaambia ameteleza bafuni.

Nikaiwasha, akaanza kuchapa. Uani mluzi ulikatika, mashine ya kuchomelea ikaanza kunguruma. Mara kioo kikawa cheusi. Sijasema neno, Mama Chapa alikuwa ameshainama, mikono yote miwili juu ya kichwa.

"We mdogo wangu!" wifi alipaza sauti, kama anayetangaza mgeni. "Imezima tena huku!"

Chuma aliingia, kinyago cha kuchomelea kimepandishwa juu ya paji la uso.

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, baba watoto. Fundi huyu hapa, muulize."

"Nimekuuliza wewe."

Aliinyakua kibodi mezani akampiga nayo begani, halafu sikioni. Vibonye vilitawanyika sakafuni kama punje za mahindi. Damu ikashuka shingoni hadi kwenye kola. Nilimdaka kifundo cha mkono, akanisukuma kwa kiwiko, nikaliangukia kabati.

"Wewe ni fundi wa kompyuta au fundi wa ndoa?" alisema, akarudi kwenye geti lake.

Wifi alimfunga Mama Chapa sikio kwa kitambaa cha jikoni. "Nyamaza, wifi yangu. Ukilia unampandisha hasira. Mashine ikipona, naye atapoa."

Tusimcheke, kwa maana mtaa mzima ulisema hivyo. Majirani walikuwa wameshakuja kibandani kwangu kunisihi: fundi, tengeneza hicho kidude, watu wapate amani. Walimsihi fundi. Mkono uliopiga hakuna aliyeusihi.

Nikaiwasha tena, nikakaa kuitazama. Cheche ziliporuka uani, taa ya sebuleni ilififia, feni ikapunguza sauti, kioo kikazima. Chuma alipopumzika, taa iling'aa tena, na kompyuta nilipoiwasha ikawaka vizuri. Niliufuata waya kwa macho: ule ule uliolisha soketi ya kompyuta ulipita dirishani hadi kwenye mashine yake. Alikuwa ameuvuta mwenyewe.

Nilimwita dirishani, kwa upole nilioweza. "Kaka, gusisha chuma huku ukitazama hii taa."

Akagusisha. Taa ikafifia, kompyuta ikazima. Nikaiwasha, akarudia, ikawa vile vile. Akapandisha kinyago.

"Kwa hiyo?"

"Mashine zote mbili zinanyonya ziwa moja. Yako ikivuta, hii inakosa. Hakuna aliyeharibu kitu. Tukikuvutia waya wako kutoka swichi kuu, yamekwisha."

Wifi aliangua kicheko. "Mdogo wangu! Kumbe mchawi ni wewe mwenyewe!"

Ndugu zangu, hapo mngetegemea mtu aombe radhi. Chuma aliingia na kipande cha nondo. Hakumwendea dada yake aliyecheka, wala mimi niliyesema. Alimwendea mkewe.

"Ulijua! Umekaa kimya ili nifanywe mjinga mbele ya watu!"

Pigo la kwanza alilikinga kwa mkono, nikasikia mfupa ukivunjika. La pili lilimpata mgongoni akitambaa kuingia chini ya meza. Meza ikapinduka, kompyuta ikaanguka nayo. Aliponyanyua la tatu, wifi alijitupa juu ya Mama Chapa, nondo ikamshukia yeye nyongani.

"Niue mimi kwanza!" alipiga yowe. "Niue, tumbo moja tulilotoka!"

Nilimrukia Chuma kwa nyuma nikamkaba. Aliniuma mkono, sikuachia. Majirani walivunja mlango, wakamfunga, na polisi wakamchukua.

Mama Chapa alifungwa plasta hadi juu ya kiwiko. Wifi, kwa mkongojo, alikwenda kituoni kutoa ushahidi dhidi ya ndugu yake, kisha akamhamishia Mama Chapa na watoto kwake. Wajomba wakaja kumbembeleza afute maneno yake: "Huyo ni damu yako!"

"Na ile niliyoideki sakafuni," aliwajibu, "ilikuwa maji?"

Leo nimeshinda hapo kwa wifi. Kompyuta imebonyea ubavu, kifuniko hakifungi. Inawaka, ila kioo hakionyeshi kitu. Mama Chapa alinishikia tochi kwa mkono wa kushoto. Wateja wameshaanza kuulizia kazi zao. Nimejaribu sehemu moja baada ya nyingine, na nyingine bado sijazigusa. Jioni ilipoingia nikaifunika kwa shuka.

"Tuiache, shemeji. Kesho nitaendelea."

"Kesho," alisema, akazima tochi.

FUNZO

Ndugu msomaji, usidhani funzo hapa ni kuvuta waya wa pili. Ubovu wa kompyuta ulijulikana, na siku hiyo hiyo kikaja kipigo kikubwa kuliko vyote. Mkono uliozoea kupiga haukosi sababu: ukiuondolea hii, utaokota nyingine. Hata kama Mama Chapa angeiharibu kompyuta kwa makusudi, mfupa wake si malipo ya kompyuta.

Basi wewe jirani, wewe wifi, wewe mzazi unayesema "vumilia, mambo yakitengemaa atatulia," mtoe kwanza anayepigwa. Kitu kilichoharibika kitasubiri. Kitu kina kesho. Mtu huenda asiwe nayo.